Kikombe cha kwanza cha mtoto: anza kwa kufungua mfuniko

Kabla hujauliza bei, omba mfuniko ufunguliwe. Ukienda sokoni Mtwara mjini, muuzaji atakipindua kikombe juu chini mbele yako: "Ona dada, hakimwagi hata tone!" Mwache amalize, kisha mwambie, "Kaka, naomba unifungulie nione ndani." Kilichomo ndani ya mfuniko ndicho utakachoishi nacho kila siku pale karoni, na ndicho kitakachopita kinywani mwa mwanao.

Nasema hivi kwa sababu ya kifungua mimba wangu. Nilimnunulia kikombe kisichomwaga, cha bluu, shilingi elfu sita, msimu wa korosho ambapo hata sisi wabanguaji wa Mikindani tunashika hela kidogo. Nilikiona ni fahari. Ndani ya mdomo wa kikombe hicho kulikuwa na kimpira chenye mkato mwembamba kama jicho lililofumba. Maji hayatoki mpaka mtoto avute kwa nguvu. Nilikuwa nakiosha kwa sabuni kila siku na kukisuuza, na kwa macho kilikuwa safi. Ulipofika mwezi wa pili, joto la kaskazi limekolea, nikaanza kusikia harufu ya maziwa yaliyochacha, na kila nikiosha inarudi. Nikakichokoa kile kimpira kwa ncha ya sindano kikachomoka, nikakipasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na utando mweusi, unateleza kama ule wa kwenye kuta za kisima. Mwanangu alikuwa ameharisha wiki ile. Siwezi kuapa kwamba kikombe ndicho kilichomuumiza, lakini nilikaa chini pale uani nikalia.

Tangu siku hiyo nachagua kikombe kwa jicho la mtu atakayekiosha. Kifungue, utenganishe vipande vyote mbele ya muuzaji na uvihesabu. Vikiwa vitatu, yaani kikombe, mfuniko na mdomo, vizuri sana. Vikifika sita au saba, kirudishe. Ingiza kidole chako cha mwisho kwenye mdomo na kwenye kila pembe. Palipo na ufa ambao kidole hakifiki wala brashi ndogo haipiti, maziwa yatafika na yatakaa. Nusa pia. Plastiki inayonuka vikali ikiwa mpya haifai kinywani mwa mtoto.

Halafu kigeuze utazame kitako. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba. Namba 5 ni plastiki inayostahimili joto, unaweza kuimwagia maji ya moto bila kupinda. Namba 7 ni mchanganyiko wa plastiki nyingi, na mojawapo ni ile ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo hutengenezwa kwa kemikali iitwayo BPA. Marekani ilikwishaiondoa kwenye chupa na vikombe vya watoto wachanga tangu mwaka 2012. Kama hakuna alama yoyote, mimi sinunui, hata kama kimechorwa samaki wazuri kiasi gani. Kikombe cha stili chenye mdomo wa silikoni nacho ni kizuri na kinadumu, ila kina bei, na huoni ndani maji yamebaki kiasi gani.

Sasa hicho kimpira cha kuzuia kumwaga. Najua kinavyotamanisha, hasa kwa mama anayepanda daladala na mtoto mapajani. Lakini fikiria mtoto anafanya nini anapokivuta: ananyonya, vilevile anavyonyonya chupa. Tunachotaka ajifunze ni kupokea maji kidogo mdomoni, kufunga midomo na kumeza. Kikombe kinachomwaga kidogo humfundisha hilo, kwa sababu akikiinua sana analowa, na kesho anakiinua kwa adabu. Kwa hiyo kama umeshanunua chenye kimpira, na kikombe kinaweza kufanya kazi bila hicho, kitoe tu. Maji yatatoka kwa wepesi, nawe utaweka machache.

Kwa mdomo wa kikombe, anza na ule laini wa silikoni, kwa sababu fizi za mtoto wa miezi sita zinawasha na atautafuna. Mdomo mgumu unamfaa aliyezoea. Mrija nao ni mzuri, watoto wengi huuweza wanapokaribia miezi tisa, lakini usinunue kikombe cha mrija bila kibrashi chembamba cha kuusafishia. Mashikio mawili ni bora kuliko moja. Mtoto hushika kwa mikono yote miwili, ukimpa shikio moja kikombe kinalala upande.

Na kama hela haitoshi kununua chochote kati ya hivi, usijisikie vibaya. Kipo kikombe ambacho pwani yetu tunacho tangu zamani: finjani ya kahawa. Ni ndogo, haina mdomo wa kuosha, haina pembe za kuficha uchafu, na ukingo wake mwembamba unakaa vizuri kwenye mdomo wa chini wa mtoto. Ishike wewe mwenyewe, usimwachie, maana ikianguka inavunjika. Kitinda mimba wangu nilimwanzisha kwa vyote viwili: kikombe cha mashikio cha kushikashika mwenyewe, na finjani jioni akiwa mapajani kwangu. Finjani ndiyo iliyomfundisha haraka.

Wakati wa kuanza ni miezi sita. Kabla ya hapo maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji, hata kwenye joto letu hili. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, yeye amelea kwa kumpa mtoto maji ya uvuguvugu tangu arobaini inapotoka. Nilimwambia, "Mama, kliniki wamenisihi nisubiri miezi sita, naomba unisaidie nisubiri." Nilimwomba msaada, sikumkosoa, na yeye ndiye aliyewazuia majirani wengine. Ishara za mtoto aliye tayari ni kwamba kichwa kimekaza, anakaa kwa kuegemea kidogo tu, na kila anachoshika anakipeleka mdomoni.

Siku ya kwanza weka maji ya kina cha vidole viwili tu. Yawe yamechemka mpaka yakatokota kwa dakika nzima, kisha yakapoa kwenye chombo chenye mfuniko. Mkalishe wima, usimpe amelala. Gusisha mdomo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, inua taratibu mpaka maji yaguse, kisha ishia hapo. Mpe nafasi ameze. Wangu yule mdogo, maji yalipomgusa, alitoa macho, akafunga mdomo, akayaacha yote yateremke kidevuni, kisha akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Mara ya tatu nikasikia koo limefanya "gu". Akikohoa, ondoa kikombe, mwinamishe mbele kidogo, subiri atulie. Mkimaliza kwa siku hiyo na amekunywa kijiko kimoja, mmefanya kazi nzuri.

Mpaka atimize mwaka, maziwa ndiyo kinywaji chake kikuu. Maji ni ya kusindikiza chakula, nusu kikombe hadi kikombe kimoja cha chai kwa siku nzima kinatosha. Usimwekee juisi, wala ya mabibo uliyokamua mwenyewe asubuhi. Soda ndiyo kabisa usiisogeze. Chai ya rangi tunawapa watoto kwa mapenzi, lakini inazuia mwili usichukue madini ya chuma kwenye chakula, na mtoto wa umri huu anayahitaji sana kwa ajili ya damu. Uji usiupitishe kwenye mdomo wa kikombe. Utaziba, na ukiulegeza ili upite unakuwa maji matupu yasiyo na nguvu. Uji ni wa bakuli na kijiko.

Usiku usimwache alale na kikombe cha maziwa, yatakaa kwenye meno machanga yayaozeshe. Na akianza kutembea, asitembee na mdomo wa kikombe kinywani, akianguka utamchoma juu ya ulimi. Anywe amekaa, kisha kikombe kirudi mezani.

Kuosha: tenganisha vipande vyote kila baada ya maziwa, usingoje jioni. Maziwa ya kopo yaliyobaki kwenye kikombe mwaga ndani ya saa moja. Sugua kwa sabuni na brashi, suuza, mwagia maji ya moto, kisha vianike vipande vikiwa vimeachana, juu ya kitambaa safi, kwenye upepo. Usikifunge kikombe kikiwa na unyevu. Kwa sisi tunaobangua korosho nyumbani naongeza jambo moja: maganda yana mafuta yanayobabua ngozi. Kikombe cha mtoto kisikae hata karibu na ungo wa maganda, na usikishike kabla hujanawa mikono vizuri kwa sabuni. Mimi changu nakitundika ndani, kwenye msumari mbali na jiko la nje.

Kila wiki uvute mdomo wa silikoni utazame kwenye mwanga. Ukiona umetafunwa na kuanza kuchanika, tupa siku hiyo hiyo, kipande kinaweza kukatika kikampalia. Usimtunzie mdogo wake.

Kitinda mimba ana mwaka na miezi miwili sasa. Mfuniko nimeshauweka kando, anakunywea kikombe kidogo cha stili kama sisi, na kila mchana nguo moja inalowa kifuani. Naivua, naianika, kwa jua la hapa saa moja imekauka.