Somo: Jinsi ya Kuusikiliza Muziki wa Watu Wengine Mpaka Ukuingie

Mtu akisikia muziki wa mbali kwa mara ya kwanza, lawama zake huwa mbili tu: ama unajirudiarudia, ama hauna mpangilio. Mara nyingi muziki wenyewe hauna kosa. Sikio limezoea kuongozwa na kitu fulani, labda kiitikio, labda ngoma nzito, na sasa linakitafuta mahali ambapo hakijawekwa. Somo hili ni la kulizoesha sikio kuuliza: hawa wapigaji wanafuata nini?

Hatua ya 1: Chagua mmoja, ukae nao

Achana kwanza na orodha za nyimbo mia za dunia. Mwaka 1977 vyombo vya Voyager vilirushwa angani vikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu, yenye muziki wa takriban dakika 90: Bach, mtunzi wa Ujerumani, gamelani ya Java (kundi la magongo na vyombo vingine vya kugonga vya Indonesia), mwimbaji Kesarbai Kerkar wa India, Chuck Berry wa rock and roll na wengineo. Mkusanyiko mzuri mno, ila ulikusudiwa viumbe wa nyota nyingine, ambao haraka hawana. Wewe chukua kipande kimoja, ukisikilize siku kadhaa kabla ya kugusa kingine. Na kisiwe muziki wa kupikia wala wa kufulia, keti, usikilize.

Hatua ya 2: Tafuta mzunguko

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikikaa hapa. Muziki mwingi duniani haujajengwa kwa ubeti na kiitikio. Umejengwa kwa mzunguko: mapigo kadhaa yanayokwenda na kurudi, na kila mpigaji anajua yuko wapi ndani yake hata akionekana kuzurura.

Jaribu na muziki wa India Kaskazini. Mzunguko unaotumika sana huitwa tintal, una mapigo 16. Piga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13. Kwenye la 9 usipige, geuza tu kiganja juu, kwa sababu hapo ni mahali patupu na ngoma ya tabla huwa inapunguza uzito. Hesabu hivyo huku mpiga sitar (chombo cha nyuzi cha India) akicheza. Mwanzoni utapotea. Ukiendelea, utaanza kuona anavyochepuka makusudi, anakufanya uamini amekosea, kisha anaangukia pigo la kwanza sawasawa na mpiga tabla. Hapo ndipo wasikilizaji wanapotikisa kichwa. Asiyehesabu hasikii kituko chochote.

Gamelani ya Java inafanya kinyume. Gongo kubwa hulia mwishoni mwa mzunguko, yaani pigo zito kuliko yote ndilo linalofunga. Sikio lililozoea uzito mwanzoni litayumba. Dawa ni kulisubiri lile gongo tu, na kuacha vyombo vingine vipite.

Hatua ya 3: Rudia, kila mara na sauti moja

Mara ya kwanza fuata sauti ya chini kabisa. Mara ya pili fuata ya juu. Mara ya tatu msikilize yule anayeonekana hafanyi kitu.

Mbira ya Washona wa Zimbabwe, chombo cha vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, inalipa sana kwa zoezi hili. Mmoja hupiga sehemu iitwayo kushaura, mwenzake hupenyeza kutsinhira katikati ya noti zake, na masikioni huzuka mahadhi ambayo hakuna kati yao anayeyapiga peke yake. Ule mngurumo wa vifuniko vya chupa au makombe yaliyofungwa kwenye chombo umewekwa makusudi. Usiuchukulie kama spika mbovu.

Hatua ya 4: Usikimbilie kusema "ametoka nje ya sauti"

Kinanda cha kisasa kimeigawa oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi ileile ya juu yake, sehemu 12 zilizo sawa. Huo ni uamuzi mmoja tu kati ya mingi. Katika Rast, mojawapo ya maqam (mipangilio ya noti) za Kiarabu, noti ya tatu na ya saba hukaa kati ya funguo mbili za piano. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo, mtunzi Bartók wa Hungaria akiwemo, wakabishana kama oktava ya Kiarabu igawanywe sehemu 24 zilizo sawa, na hawakuafikiana. Gamelani nayo kila seti ina upimaji wake wa sauti, hivyo chombo cha seti moja hakichanganywi ovyo na cha nyingine. Ukisikia noti inayokukwaruza, ingoje irudi. Ikirudi ileile, mahali palepale, basi aliyeipiga aliikusudia.

Hatua ya 5: Uliza muziki ulikuwa na kazi gani

Kantata (nyimbo za waimbaji na vyombo) nyingi alizotunga Bach huko Leipzig, kuanzia 1723, zilipigwa katikati ya ibada ya Jumapili, si jukwaani. Na ule ukimya kama wa kanisani tunaouona kwenye kumbi za simfoni leo ni wa baadaye. Julai 1778 mtunzi Mozart alimwandikia baba yake akifurahi kwamba hadhira ya Paris ilishangilia simfoni yake mpya ikiwa bado inapigwa. Kifungu kile alikiweka akijua kitawapendeza. Kwa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, wimbo mmoja ungeweza kufika saa nzima, maana makelele ya wasikilizaji yalimfanya arudie mstari uleule kwa namna nyingine. Ukiyakata yale makelele, umeukata wimbo.

Hatua ya 6: Historia ije mwisho

Wengi huanza na tarehe, wakachoka kabla ya kusikia chochote. Isome baada ya sikio kushiba, na ufuate safari za muziki. Debussy, mtunzi wa Ufaransa, aliisikia gamelani kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1889, akavutwa nayo. Santuri za son, muziki wa dansi wa Cuba, yenye mizizi ya Kiafrika, zilifika Kongo kuanzia miaka ya 1930. Wapiga gitaa wakaifanya yao, ikazaliwa rumba ya Kongo, nayo ikaingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, akiimba kwa Kiswahili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, ni lazima nijue kusoma noti?
Jibu: Hapana. Wapigaji wengi niliowataja hapo juu walijifunza kwa kusikia na kuiga. Noti zitakufaa ukitaka kuchambua Bach kwa undani.

Swali: Nimejaribu simfoni mara nyingi, usingizi unanichukua. Nifanyeje?
Jibu: Usianze na ya saa nzima. Chukua sehemu ya kwanza tu ya Simfoni ya Tano ya Beethoven (1808), haizidi sana dakika saba. Inaanza na noti nne: tatu fupi, moja ndefu. Zihesabu zinavyojificha kwenye besi, kwenye tarumbeta, kila mahali. Utakosa muda wa kulala.

Swali: Kama sielewi lugha, si napoteza nusu ya wimbo?
Jibu: Ndiyo, ndugu yangu, na wale wanaosema muziki ni lugha ya wote wanakudanganya kidogo. Sikiliza mara moja bila tafsiri ili uisikie sauti yenyewe. Kisha tafuta tafsiri, usikilize tena. Kwa kawali (nyimbo za kisufi za India na Pakistan) na nyimbo za Umm Kulthum, ambako shairi ndilo linalobeba mzigo, usiruke hatua hiyo.

Swali: Nimefuata hatua zote na opera bado siipendi.
Jibu: Sawa tu. Unaweza kueleza sasa ni nini hasa usichokipenda? Kama unaweza, somo limefika. Hamia kwingine.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesikia waimbaji wa Tuva, kule Siberia, mtu mmoja anatoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Si mashine ile?
Jibu: Marahaba. Si mashine. Kila sauti ya binadamu ina sauti ndogondogo za juu ndani yake. Mwimbaji hushikilia noti moja ya chini, kisha kwa ulimi na midomo huikuza mojawapo ya zile za juu mpaka isikike peke yake kama filimbi. Unaweza kuionja mwenyewe: imba noti moja, usiibadilishe, huku mdomo ukitoka "uuu" kwenda "iii" polepole sana. Fanyia bafuni, mwangwi unasaidia.