Wakili Katika Ununuzi na Usambazaji wa Filamu Huru: Ujuzi Unaokufungulia Mlango

Msambazaji hulipia haki ya kuonyesha filamu katika eneo fulani, kwa njia fulani (sinema, runinga au intaneti), kwa miaka fulani. Kama muuzaji hana haki hiyo, hata bei nafuu ni hasara. Ndiyo maana wakili anayetaka kazi hii aanze na ukaguzi wa mnyororo wa haki, kabla hajajifunza kubishania bei.

Omba nakala zilizosainiwa za mikataba ya mwandishi wa skripti, mwongozaji, waigizaji, mhariri na mtunzi wa muziki, pamoja na ya kitabu, kama hadithi imetoka kitabuni. Zisome ukifuata jina moja: kampuni inayouza. Haki zitoke kwa kila mtu hadi zifike kwenye kampuni hiyo bila kukatika. Mara nyingi zinakatikia mahali palepale: skripti ina waandishi wawili na aliyesaini ni mmoja, mwandishi aliingia mkataba na mtayarishaji binafsi, kampuni ikaundwa baadaye na hakuna karatasi ya kuihamishia haki, au muda wa kununua haki za kitabu ulikwisha kabla malipo hayajafanyika. Angalia pia sheria ya nchi iliyotengeneza filamu. Ufaransa, kwa mfano, hutaka kila haki inayohamishwa itajwe peke yake, pamoja na matumizi yake, eneo na muda. Sentensi moja ya "haki zote" inaweza isitoshe huko.

Muziki ndio unaoangusha filamu nyingi za bajeti ndogo. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi, na wamiliki wake mara nyingi huwa tofauti. Watayarishaji wengi huchukua leseni ya matamasha ya filamu tu kwa sababu ni rahisi. Siku filamu inapotakiwa kwenye runinga au intaneti, mwenye wimbo anaweza kutaja bei yoyote au kukataa kabisa. Uliza mapema kama leseni inahusu njia zote, dunia nzima, bila kikomo cha muda. Isipokuwa hivyo, wimbo ubadilishwe kabla ya makabidhiano, na sauti ichanganywe upya.

Ukaguzi huu ndio unaowezesha pia kupata bima ya makosa na upungufu, inayomkinga msambazaji akidaiwa kwa kukiuka hakimiliki, faragha au heshima ya mtu. Kiwango kinachoombwa mara nyingi ni dola 1,000,000 kwa dai moja na 3,000,000 kwa madai yote.

Sasa hesabu. Usikubali kifungu cha fedha bila kukipitisha kwenye tarakimu. Tuseme msambazaji ametoa malipo ya awali ya dola 50,000, ambayo hujirudishia kutoka kwenye mapato, filamu imeingiza 100,000, ada yake ni asilimia 30 na gharama ni 40,000. Ada ikikatwa kwenye mapato yote ni 30,000; gharama zikitolewa baada yake zinabaki 30,000, hivyo malipo ya awali bado yanadai 20,000. Gharama zikitolewa kwanza, ada inashuka hadi 18,000 na deni linabaki 8,000. Kifungu kimoja tu kimehamisha dola 12,000. Kwa hiyo weka ukomo wa gharama, zuia gharama za ofisi kuingizwa humo, na ukimwakilisha mtayarishaji kataa hasara ya filamu nyingine kulipwa kwa mapato ya hii. Haki ya kukagua vitabu vya hesabu iwe na muda uliotajwa.

Malipo ya awali kwa kawaida hugawanywa: sehemu ndogo siku ya kusaini, iliyobaki baada ya makabidhiano. Hapo ndipo mizozo huzaliwa. Orodha ya vitu vya kukabidhi (nakala ya sinema, sauti ya muziki na milio isiyo na mazungumzo kwa ajili ya kudabi, yaani kuingiza mazungumzo ya lugha nyingine, maandishi ya mazungumzo, orodha ya muziki, picha za matangazo) iambatishwe kwenye mkataba, na msambazaji apewe siku maalumu za kukataa kwa maandishi. Zikipita kimya, ihesabiwe kwamba amepokea.

Njia nzuri ya kuingia ni idara ya mikataba ya msambazaji au ya wakala wa mauzo, anayeuza haki za filamu kwa niaba ya mtayarishaji. Omba upewe jedwali la haki: filamu, eneo, njia, tarehe ya kuanza na kuisha, na vipindi ambavyo njia moja inasubiri nyingine. Ni kazi inayochosha, lakini anayeishika ndiye anayezuia haki moja isiuzwe mara mbili. Kabla ya masoko ya Berlin mwezi Februari, Cannes mwezi Mei na American Film Market mwezi Novemba, andaa rasimu ya ofa ya ukurasa mmoja au miwili, kwa sababu maafikiano hufikiwa kwa haraka na mkataba mrefu hufuata wiki kadhaa baadaye. Ofa hiyo iseme kama inawafunga wahusika au la.

Utakapoanza kukutanisha wauzaji na wanunuzi, au kuahidiwa asilimia ya mauzo, weka kwenye maandishi unamwakilisha nani na nani anakulipa. Kanuni za uwakili za nchi nyingi zinahitaji mteja aelezwe na aridhie kwanza, na mahali pengine kuwawakilisha wote wawili kunakatazwa hata wakiridhia.