Kukarabati daka la nyumba ya kale bila simiti

Daka la bibi yangu pale Mkomani, Lamu, yaani kiingilio cha mlangoni chenye baraza za kukalia, nililiharibu mwenyewe. Lipu ya nyuma ya baraza ilikuwa imebanduka, pale pale ambapo wazee huegemeza migongo, nami kwa ujuaji wa ujana nikapiga simiti ikang'aa. Masika mawili hayakupita. Ikafura, ikatoa unga mweupe wa chumvi, kisha ikaanguka bamba zima na kung'oa matumbawe ya nyuma yake. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini, na unyevu huo sharti upate pa kutokea. Chokaa huupitisha, simiti huuziba.

Kabla ya kugusa kitu, pita ofisi ya Makumbusho ueleze unachotaka kufanya; mji huu uko katika orodha ya UNESCO tangu 2001. Kisha gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, bandua. Panapolia zito, paache, hata kama pamechakaa. Sugua vumbi kwa brashi.

Chokaa ndiyo kazi yenyewe. Ukipata mawe ya chokaa yaliyochomwa, tia maji kwanza ndani ya pipa la chuma, halafu utumbukize mawe kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya mawe yatakurukia usoni yakichemka. Vaa miwani na glavu, na watoto wakae mbali. Iache chini ya maji wiki mbili kwa uchache. Mimi naiweka mwezi, mpaka iwe laini kama siagi.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Wala usichote kwenye vilima vya Shela, maana ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya visima. Nunua wa bara, uuoshe. Changanya kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, na usiongeze maji ovyo: lipu nzuri hushika mwiko hata ukiugeuza juu chini.

Rowesha ukuta jioni, uroweshe tena asubuhi. Piga tabaka lisilozidi sentimita 1, ulichorechore kwa msumari ili la pili lipate pa kushika, na ungoje siku kadhaa. Mimi hupiga baada ya alasiri, kichochoro kikiwa kivulini, halafu naning'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta. Upepo wa kaskazi ukiikausha haraka, itapasuka kama tope la mkokoni.

Mlango ufunike kwa turubai, hasa mfaa, ule ubao wa katikati, na nakshi zake, kwani chokaa mbichi hutia mbao madoa. Uso wa baraza uinamishe kidogo kuelekea njiani ili mvua isituame. Kingo zake zifinyange ziwe za mviringo. Najua fundi wa siku hizi hapendi kuacha kona bila kuinyoosha kwa pimamaji, lakini kona kali haimalizi mwezi punda wa mizigo wakipita.

Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne, kila mara uache ikauke. Wazee wasikalie kwa wiki mbili. Hilo ndilo linalonishinda kila mara, kwa hiyo siku hizi naongea kwanza na jirani wa mkabala, awapokee kwenye daka lake na birika la kahawa nalipia mimi.