Namna ya Kutengeneza Mtindi Wenye Bakteria Rafiki wa Tumbo

Probiotiki, yaani bakteria hai wenye manufaa kwa tumbo, si lazima zinunuliwe kama vidonge vya bei ghali, kwa kuwa hapa Uganda zinaweza kukuzwa katika maziwa jikoni. Hupunguza uwezekano wa kuharisha kunakoletwa na dawa za antibayotiki, na mtindi wenyewe huwafaa wengi ambao maziwa ya kawaida huwajaza gesi.

Chemsha lita 1 ya maziwa, kisha uyaache yapoe hadi nyuzi joto 45 hivi, ambapo sufuria ikiguswa kwa nje hupasha mkono bila kuuunguza. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu chachu, yaani bakteria wa kuanzishia mtindi, ikitiwa katika maziwa ya moto sana, bakteria hufa na kazi yote hupotea. Koroga humo vijiko 2 vya mtindi usio na sukari wenye bakteria hai, au chachu ya Yoba, ambayo hutumiwa na wasindikaji wadogo nchini na ina Lactobacillus rhamnosus, mojawapo ya bakteria hao rafiki. Funika, zungushia blanketi, na uache kwa saa 8 hadi 12 bila kutikisa. Baadaye hifadhi mahali pa baridi, wala usipashe moto tena.

Bushera, kinywaji cha mtama au ulezi cha Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, nayo huchachushwa, mradi maji yawe yamechemshwa. Mwenye kinga dhaifu amwulize daktari kwanza, na mtoto anayeharisha apewe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na zinki, kwani mtindi hauchukui nafasi ya tiba hiyo.