Kokteli ya tufaha kwa msimu wa majani kupukutika: pika nusu, nusu iache mbichi

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba inapoisha, mashamba ya matufaha hapa Minnesota huwa wazi kwa wageni, na kila wikendi barabara za vijijini hujaa magari ya watu wanaokwenda kuchuma kwa mikono yao. Wanarudi na mifuko ya Honeycrisp, aina iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991, pamoja na galoni ya saida, yaani juisi ya tufaha isiyochujwa. Wiki inayofuata wanakaa kaunta ninayohudumia wakiwa na swali moja: mbona kokteli ya tufaha niliyotengeneza nyumbani haina ladha ya tufaha?

Jibu liko kwenye tunda lenyewe. Tufaha lina maji mengi na harufu nyepesi. Ukimimina juisi yake juu ya wiski yenye nguvu ya asilimia 40 na zaidi, kisha barafu ikaanza kuyeyuka, tunda linapotea na unabaki na wiski iliyozimuliwa. Ndipo watu wanapokimbilia ile pombe tamu ya kijani yenye harufu ya pipi. Iache dukani. Kinachotakiwa ni kuigawa juisi mara mbili: nusu uipike mpaka iwe shira nzito, nusu uiache mbichi. Iliyopikwa inaleta uzito na utamu, mbichi inaleta ile harufu ya tunda lililokatwa sasa hivi. Nimejaribu kutumia moja bila nyingine, na kinywaji hakisimami.

Hatua ya 1: Tafuta juisi yenye mashapo

Saida ya Marekani ni juisi ya tufaha isiyochujwa na isiyo na kileo, rangi ya kahawia, huuzwa kwenye galoni za plastiki shambani na katika masoko ya wakulima. Ukiwa Uingereza, chupa iliyoandikwa hivyo ni pombe, kwa hiyo wewe nunua juisi ya tufaha yenye ukungu. Popote ulipo, igeuze chupa uitazame: mashapo yanayoinuka kutoka chini ndiyo ladha unayoitaka. Juisi angavu ya boksi imeshachujwa mpaka kilichobaki ni utamu tu.

Muulize muuzaji amekamua aina gani. Matufaha matamu peke yake hutoa juisi iliyopooza. Akikwambia kuna Haralson ndani yake, tufaha chachu la hapa hapa Minnesota lililotolewa mwaka 1922, chukua bila kusita. Uchachu wake unausikia kwenye pembe za taya, na ndio utakaoibeba kokteli nzima.

Soma lebo pia. Mwaka 1996 juisi ya tufaha isiyopashwa moto, iliyokuwa na bakteria wa E. coli, iliwafanya watu kadhaa wa magharibi mwa Marekani na Kanada waugue, na mtoto mmoja wa Colorado akafariki. Tangu hapo, juisi isiyotibiwa inayofungashwa kwa ajili ya kuuzwa Marekani hubandikwa onyo. Kwa kuwa nusu ya juisi yetu haiingii jikoni, na mezani huenda kukawa na mjamzito, mzee au watoto watakaokunywa ile isiyo na kileo, nunua iliyopashwa moto kiwandani. Ladha inapungua kidogo sana.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam usikate tamaa. Matufaha ya sokoni, ambayo mengi hutoka Afrika Kusini, yanafaa kabisa. Chukua kilo nne: sehemu mbili mekundu matamu, sehemu moja ya kijani, yale machachu ya Granny Smith. Yaoshe, toa mbegu, usiyamenye. Saga kwenye blenda na maji kidogo tu ya kusaidia visu vizunguke, kisha kamua kwa kitambaa safi, kama unavyokamua tui la nazi. Utapata takriban lita mbili. Kamulia limau nusu humo mara moja, maana juisi hii ikikutana na hewa hugeuka kahawia ndani ya dakika chache. Rangi hiyo haina madhara, lakini harufu huanza kupungua pamoja nayo.

Hatua ya 2: Pika shira

Unahitaji lita 2 za juisi. Lita 1 iweke kwenye friji. Lita 1 ndiyo ya kupika.

Kabla hujaimimina, weka maji mililita 250 kwenye sufuria utakayotumia, simamisha mwiko ndani yake na uchore alama pale maji yalipofika. Mwaga maji. Sasa una kipimo, na hutakisia. Sufuria iwe pana, kwa sababu kinachofanya kazi hapa ni mvuke, na mvuke unataka nafasi ya kutokea.

Mimina juisi, washa moto wa wastani. Ikianza kuchemka litapanda povu zito la kahawia. Liengue kwa kijiko ulitupe. Baada ya hapo iache ichemke bila kufunika, uikoroge mara mojamoja. Usiongeze sukari hata chembe. Lita moja ya juisi ya tufaha ina sukari ya gramu 100 hadi 120 hivi, na ukiipunguza hadi robo yake inafika karibu na utamu wa shira ya kawaida ya baa, ile ya sukari na maji nusu kwa nusu. Faida ni kwamba asidi ya tufaha nayo imekusanyika humo humo. Shira ya sukari ni tamu tu. Hii ni tamu na chachu kwa pamoja, na ndiyo maana haichoshi mdomo.

Hesabu dakika 40 hivi, kutegemea jiko lako. Dakika kumi za mwisho usiondoke jikoni. Mapovu madogo ya mwanzo yanaanza kuwa makubwa, mazito, yanayong'aa, na sauti ya mchemko inashuka kutoka kwenye mchachariko hadi kwenye mpwito wa taratibu. Hapo punguza moto, maana sukari huungua kwanza kwenye kingo za sufuria na uchungu wake unaenea kote. Simamisha mwiko: ikifika kwenye alama, zima. Ikiwa moto itaonekana nyepesi mno. Usidanganyike ukaendelea kupika. Tufaha lina pektini nyingi, na shira iliyopita kiasi ikipoa inaganda ikawa jeli. Ikikutokea, irudishe kwenye moto mdogo na vijiko viwili vya maji ya moto, italegea.

Hatua ya 3: Viungo, moto ukiwa umezimwa

Kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu, vipande vitatu vyembamba vya tangawizi mbichi. Vitumbukize kwenye shira ikiwa bado inatoa mvuke, funika, subiri dakika 15, chuja.

Maelekezo mengi hukwambia uchemshe viungo tangu mwanzo. Mimi sikubaliani nayo, hasa kwa karafuu. Harufu yake inatokana na eujenoli, mafuta yale yale wanayotumia madaktari wa meno, na ukiichemsha kwa dakika arobaini ndiyo harufu pekee utakayoisikia. Karafuu tatu zinatosha, na ziwe nzima zenye vichwa vyake. Ibonyeze moja kwa ukucha: ikiacha alama ya mafuta, bado ina uhai. Zile za Pemba ambazo ndugu huletewa kwenye mabegi na wageni kutoka nyumbani mara nyingi zinazishinda kwa mbali zile zilizokaa mwaka mzima kwenye rafu za maduka ya hapa. Kama unazo, msimu wa kuzitumia ni huu.

Shira ikipoa, iweke kwenye chupa safi yenye kifuniko. Kwenye friji hukaa wiki mbili.

Hatua ya 4: Chagua pombe

Kinywaji cha asili hapa Marekani ni brandi ya tufaha. Walowezi wa New Jersey na New England waliacha saida iliyochacha nje usiku wa baridi kali, wakaondoa barafu, na kilichobaki kilikuwa kikali. Usilifanye hilo nyumbani: barafu huondoa maji, lakini vitu vyote vibaya vya uchachushaji vinabaki na kuzidi nguvu. Familia ya Laird wa New Jersey, ambayo inahesabiwa kuwa na leseni namba 1 ya kutonesha pombe tangu 1780, bado inauza brandi hiyo. Soma lebo kwa makini, kwa sababu kuna chupa ya bei nafuu iliyochanganywa na pombe ya nafaka isiyo na ladha, na kuna ya tufaha tupu yenye nguvu ya asilimia 50. Chukua hii ya pili. Calvados, brandi ya tufaha ya Normandy, Ufaransa, ni nzuri zaidi ya zote, ila kuifunika kwa limau na shira ni kuionea.

Wiski ya bourbon inakuja karibu sana. Kisheria lazima nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Mapipa hayo ndiyo yanayoipa harufu ya vanila na sukari iliyoungua, na hizo ni ndugu wa tufaha lililookwa. Chaguo langu ni kuchanganya: sehemu mbili za bourbon, moja ya brandi ya tufaha. Ukiwa na uwezo wa chupa moja tu, nunua bourbon. Afrika Mashariki, brandi ya kawaida ya zabibu itakufaa kuliko Konyagi, kwa kuwa kinywaji hiki kinahitaji pombe iliyolala kwenye mbao.

Hatua ya 5: Changanya na utikise

Kwa glasi moja:

- bourbon mililita 30
- brandi ya tufaha mililita 15
- juisi mbichi ya tufaha mililita 45
- shira ya tufaha mililita 15
- maji ya limau yaliyokamuliwa sasa hivi, mililita 15
- matone mawili ya Angostura, pombe chungu ya viungo, ile chupa ndogo iliyovikwa karatasi kubwa kuliko yenyewe

Kama huna kipimo cha baa, kijiko kimoja kikubwa cha kupimia ni mililita 15. Chupa ya juisi itikise kabla ya kumimina, ili mashapo yaingie.

Weka vyote kwenye sheka, yaani chombo cha kutikisia, au chupa pana ya jemu yenye kifuniko kinachobana. Jaza barafu ngumu, iliyotoka friza wakati huo huo. Barafu iliyokaa kwenye bakuli na kuanza kulia maji itakuharibia kipimo. Tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, mpaka chombo kiumize vidole kwa baridi na nje kifanye ukungu. Chujia kwenye glasi fupi yenye barafu mpya kwa chujio la chai, ili vipande vidogo vya barafu visiingie.

Juu yake weka vipande vitatu vyembamba vya tufaha vilivyopakwa limau, kisha kwaruza kungumanga mara mbili tatu. Kungumanga ya unga ya kwenye kopo haisaidii kitu hapa.

Hatua ya 6: Onja, halafu rekebisha

Matufaha ya Septemba si ya Oktoba. Kadiri msimu unavyosonga na matunda yakizidi kuiva, utamu unapanda na uchachu unashuka, kwa hiyo kipimo cha wiki iliyopita huenda kisifae leo. Ikiwa tamu mno, ongeza kijiko kimoja cha chai cha limau. Ikikukunja uso, ongeza shira kiasi hicho hicho. Ikiwa huoni kosa lakini imepooza, tia chembe chache za chumvi. Inaamsha tufaha kwa namna ya kushangaza.

Kwa wasiotumia pombe

Katika mikusanyiko yetu huku ughaibuni nusu ya wageni hawanywi, na hawastahili kupewa soda ya chupa wakati wengine wanahudumiwa. Badala ya pombe weka mililita 45 za chai ya rangi kali iliyopoa. Ukakasi wa majani ya chai unashika ulimi pale ambapo wiski ingeshika. Acha Angostura, kwa sababu yenyewe ina kileo cha zaidi ya asilimia 40, na malizia kwa maji ya soda kidogo. Tumia chombo tofauti cha kutikisia, na mwambie mgeni kwamba umefanya hivyo.

Ya moto, au ya jagi

Usiku wa baridi, pasha juisi, shira na limau mpaka mvuke uonekane bila kuchemka. Weka pombe kwenye kikombe kwanza, ndipo umimine juisi juu yake. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo ukiichemsha pamoja na juisi unaipeleka hewani.

Kwa watu wanane, zidisha vipimo vyote mara nane, isipokuwa Angostura, anza na matone kumi kisha uonje. Kwa kuwa hutatikisa, ongeza maji baridi mililita 240 kufidia yale ambayo barafu ingetoa, na jagi likae kwenye friji saa mbili. Limau likamuliwe siku hiyo hiyo. Koroga kabla ya kila mzunguko maana mashapo hushuka, mimina juu ya barafu, na kungumanga ikwaruzwe pale pale mezani, glasi moja baada ya nyingine.