Somo: Kuwapeleka wenzako wa ofisini kupanda mikoko Kunduchi

Wakuu, mara ya kwanza nilipoandaa siku hii nilihangaika na fulana, basi na pilau. Bahari sikuiuliza. Tulifika Jumamosi saa nne asubuhi, watu 28, maji yamejaa hadi kwenye matawi. Tukala pilau, tukarudi.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kwanza, kalenda ya bosi baadaye. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na mbili zinazofuata huwa bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana; hapa Dar maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Wiki moja mbele ni maji mafu, yaani hujaa na kupwa kidogo tu, na saa hizo hizo bahari imejaa.

Hatua ya 2: Kibali. Mikoko ni msitu wa hifadhi, uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Waulize mpande wapi, na kama kweli panahitaji kupandwa. Penye miti mama ya kutosha mbegu hujiotea zenyewe. Hapo mtafaa zaidi kuokota plastiki na nyavu chakavu.

Hatua ya 3: Mbegu. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa, hudondosha mbegu iliyokwisha kuchipua, ndefu kama rula. Okota iliyoanguka, au chuma inayochomoka ukiigusa tu. Ukilazimika kuvuta, ni changa. Chomeka theluthi moja kwenye tope, ncha iliyochongoka ikiwa chini, mita moja kutoka mbegu hadi mbegu. Wahasibu wetu wawili walipanda safu nzima kichwa chini.

Hatua ya 4: Raba kuukuu zenye kamba. Ndala tope litazimeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, sisi tuko 60. Tuje wote?
Jibu: Dada yangu, miguu 120 itakanyaga machipukizi mengi kuliko mtakayopanda. Ishirini waingie topeni, wengine wabaki ufukweni na magunia ya taka.

Swali: Na mlilana, aina nyingine ya mikoko, je? Nasikia ndio unaokaa mbele baharini.
Jibu: Kweli, na mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Ila mbegu za mlilana ni ndogo, maji huzizoa. Zioteshwe kitaluni kwanza.

Swali: Mkuu, nani atamwagilia?
Jibu: Bahari. Ninyi rudini baada ya miezi mitatu mhesabu iliyo hai. Sisi tulirudi watu sita. Safari hiyo hapakuwa na fulana.