Kukagua Msimbo wa Kupima Umbali kwenye Ramani

Kabla ya kusoma msimbo wa programu inayopima umbali kati ya nukta unazogusa kwenye ramani, andaa jibu sahihi la kulinganisha. Chukua Lamu (latitudo -2.27, longitudo 40.90) na Malindi (-3.22, 40.12). Kwa haversine, fomyula ya umbali juu ya uso wa tufe, na nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6371, umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 136.6. Programu ikileta 118, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, hutanguliza longitudo, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ikileta zaidi ya 7,400, digrii hazikugeuzwa kuwa radiani, kipimo cha pembe kinachotakiwa na fomyula.

Kosa baya zaidi ni lile linalojificha. Huku pwani tuko karibu na ikweta, kwa hiyo msimbo unaopima moja kwa moja kwa mita za Mercator, ramani bapa inayotanua maeneo kadiri yalivyo mbali na ikweta, huzidisha chini ya 1% tu, na jaribio la Lamu hupita bila shida. Upeleke London uone: umbali unavimba mara 1.6. Usipitishe mabadiliko ya msimbo yasiyo na jaribio la mbali na ikweta.

Gusa nukta ileile mara mbili. Jibu liwe 0. Msimbo unaotumia acos (kinyume cha kosine) huweza kuleta NaN, yaani "si namba", hapo, maana hitilafu ndogo ya desimali husukuma thamani ipite 1, na acos haikubali zaidi ya 1.

Angalia pia jumla. Anayepima njia ya mashua toka Lamu hadi Shela hugusa nukta nyingi akifuata mkondo. Vipande 10 vya mita 40, kila kimoja kikifupishwa kwanza hadi desimali moja ya kilomita, huleta 0 badala ya 0.4. Jumlisha kwanza, fupisha wakati wa kuonyesha.